Ripoti Safi, Tumbo Bovu

Gari lilikuwa Noah, limejaa hadi mlangoni, na mama mmoja alikaa kiti cha mbele, mkanda ameufunga. Saa kumi na mbili jioni, karibu na Chalinze, mbele yao kulikuwa na lori bovu lililoachwa barabarani bila taa wala matawi ya kutahadharisha. Noah ikaliingia kwa nyuma. Abiria wawili walifariki papo hapo. Yeye alitolewa anaongea, akitaja jina lake na namba ya simu ya mdogo wake, na kuulizia mzigo wake wa vitenge.

Simulizi hii nimeiunda mwenyewe kwa ajili ya kufundishia, ndiyo maana mama hana jina, na hospitali nayo haina. Majeraha yaliyomo ndani yake, hata hivyo, sikuyabuni. Yote yanajulikana vitabuni na mawodini, na si ajabu kuyakuta kwenye mwili mmoja.

Hospitali aliyofikishwa ilikuwa na mashine ya CT, kipimo ambacho miaka michache iliyopita kingemlazimu kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Kifua kilimuuma upande wa kulia. Chini ya kitovu palikuwa na mstari mwekundu wa mkanda, upana wa vidole vitatu. Mguu wa kushoto ulivimba kidogo juu ya unyayo, lakini nani ataujali mguu wa mtu ambaye wenzake wawili wamelala chumba cha maiti? Saa mbili usiku alipitishwa kwenye mashine, kuanzia kichwa, shingo na kifua hadi tumbo na nyonga. Saa nne ripoti ikatoka. Kichwani hakuna damu. Shingo nzima. Mbavu mbili zimevunjika. Ini, bandama na figo viko salama. Mstari wa mwisho kabisa ulisema kuna majimaji kidogo kwenye nyonga, na kwa kuwa mgonjwa ni mwanamke wa umri wa kuzaa, huenda ni ya kawaida.

"Mama, mshukuru Mungu," daktari wa zamu alimwambia. "CT yako safi. Ni mbavu tu."

Alipandishwa wodini na dawa ya maumivu. Kesho yake mapigo ya moyo yalikuwa 96 asubuhi na 112 jioni. Alitapika mara mbili, ikaandikwa kwamba ni tramadoli. Usiku wa pili mwili ukapata joto. Mdogo wake, aliyekuwa akimuuguza na kulala juu ya khanga chini ya kitanda, akamfuata nesi mezani.

"Sista, huyu dada yangu amezaa watoto wanne bila kupiga kelele. Leo hataki hata shuka limguse tumbo."

Nesi hakuwa mtu mbaya. Alifungua faili, akasoma, akamjibu kwa upole: "Mbona CT yake ilikuja nzuri, mdogo wangu? Maumivu ya mbavu huwa yanashuka mpaka tumboni. Atapoa."

Alilosema kuhusu mbavu ni kweli, kwa kuwa mbavu za chini zikivunjika tumbo huuma. Ukweli huo mdogo ndio uliompotosha.

Asubuhi ya siku ya tatu, kwenye raundi kubwa, daktari bingwa wa upasuaji alifika kitandani na kabla hajapewa faili akaweka kiganja juu ya tumbo. Lilikuwa limekaza lote. Saa sita mchana mama alikuwa chumba cha upasuaji. Utando unaoushikilia utumbo mwembamba na kuupelekea damu ulikuwa umechanika, kipande cha utumbo kimekufa na kutoboka, na usaha pamoja na uchafu wa chakula vimetapakaa tumboni. Walikata kipande kilichokufa, wakautoa utumbo nje ya ngozi na kumwekea mfuko wa haja. Alikaa siku kadhaa chumba cha wagonjwa mahututi. Alipona, ila mfuko aliuvaa miezi mingi, na biashara ya vitenge ilikwisha kwa gharama za matibabu.

Ndugu walisema mashine ni mbovu. Wengine wakasema msomaji wa picha hakusoma. Lawama zote mbili zinavutia, na zote mbili zinaweza kuwa si za haki.

Tuanze na utumbo. Mkanda wa gari ulimwokoa mama huyu, maana bila mkanda angepasua kioo kwa kichwa. Lakini gari linaposimama ghafla, mkanda wa kiunoni unaweza kuteleza kutoka kwenye mifupa ya nyonga, ukapanda tumboni na kuubana utumbo dhidi ya uti wa mgongo. Alama ya mkanda kwenye ngozi ya tumbo ilielezwa na madaktari wa Marekani, Garrett na Braunstein, tangu 1962, na hadi leo daktari anayeiona anatakiwa kuushuku utumbo na uti wa mgongo mpaka vithibitike kuwa salama. Wakati mwingine utumbo hupasuka palepale kwa shinikizo. Wakati mwingine unachanika ule utando tu. Hapo utumbo bado mzima, una rangi yake, hauvuji. Unanyimwa damu polepole, unakufa baada ya saa nyingi, kisha unatoboka. Picha iliyopigwa sokoni saa mbili haiwezi kumwonyesha mwizi aliyefika saa nne. Usiku ule, mama alipolala kwenye meza ya CT, inawezekana kabisa tobo lenyewe halikuwapo.

Kilichokuwapo ni majimaji. Mshipa ukichanika, damu kidogo huteremka nyongani. Majimaji tumboni bila jeraha la ini, bandama au figo kwa mtu aliyepata ajali ni dalili inayojulikana, kwa sababu lazima yametoka mahali fulani, na mahali palipobaki mara nyingi ni utumbo na utando wake. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa yanaweza kweli kuwa ya kawaida. Msomaji wa picha alisema "huenda", akamwachia mwenzake wa wodini aliyeweza kuiona ile alama nyekundu ya mkanda. Mwenzake alisoma hadi kwenye mbavu akaishia hapo.

Mwaka 2003 Samir Fakhry na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi uliotokana na zaidi ya wagonjwa laki mbili na nusu wa ajali na majeraha. Miongoni mwa wale waliotoboka utumbo mwembamba, asilimia 13 walikuwa na CT ya tumbo isiyoonyesha kasoro yoyote kabla ya upasuaji. Miaka mitatu kabla ya hapo timu hiyohiyo ilikuwa imepima gharama ya kuchelewa kwa wagonjwa 198. Pale ambapo tobo la utumbo ndilo lilikuwa jeraha kubwa, waliopasuliwa ndani ya saa 8 walikufa asilimia 2. Waliochelewa zaidi ya saa 24 walikufa asilimia 30.8. Mama wetu alivuka saa 36. Kwa hesabu hizo, kubaki kwake hai ni bahati.

Na si utumbo peke yake. Kongosho lililopondeka linaweza kuonekana zima katika saa za mwanzo. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kikichanika kidogo hujificha hadi siku utumbo utakapopenyeza na kupanda kifuani. Damu ndani ya kichwa huweza kuchelewa kuonekana, hasa kwa mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kano za shingo na za goti CT haizioni vizuri. Huko Berlin, Dirk Stengel na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 982 waliopigwa CT ya mwili mzima baada ya kuumia vibaya, na matokeo yao ya 2012 yanaonyesha kwamba picha ya kwanza iliyaona majeraha kati ya asilimia 80 na 87 hivi, kutegemea sehemu ya mwili. Iliposema jeraha lipo, karibu kila mara lilikuwapo. Iliposema hakuna, ndipo palipohitajika tahadhari.

Sasa jicho la msomaji. CT ya mwili mzima ni mamia kwa maelfu ya picha, na anayezisoma usiku mara nyingi ni mtu mmoja, simu inaita, mlangoni wanasubiri wengine wa ajali ileile. Jicho likiona jeraha kubwa hutulia. Msako hupungua nguvu palepale. Wataalamu wa radiolojia wameandika kuhusu tatizo hili kwa zaidi ya miaka sitini. Mwaka 2013 watafiti Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe waliwaonyesha wataalamu 24 picha za CT za mapafu, wakawaomba watafute vinundu. Ndani ya picha walipachika sokwe mwenye ukubwa wa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Wataalamu 20 hawakumwona, na kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba wengi wao walimtazama moja kwa moja. Hawakuwa wavivu. Walitumwa vinundu, wakatafuta vinundu.

Kwa hiyo anayeandika fomu ya kuomba CT anaamua nusu ya kitakachoonekana. Fomu iliyoandikwa "ajali ya gari" inamtuma msomaji kila mahali na popote. Fomu iliyoandikwa "alikaa mbele, amefunga mkanda, ana alama ya mkanda chini ya kitovu, mguu wa kushoto umevimba" inamwelekeza. Tofauti yake ni nusu dakika ya kalamu. Nimeona fomu za aina ya kwanza nyingi kuliko za pili, na sidhani msomaji wangu anayefanya kazi hospitali atanibishia.

Kuna pia ripoti mbili. Ya usiku mara nyingi ni ya awali. Asubuhi mtaalamu mwandamizi huzipitia picha upya, na mara nyingine anaongeza au kubadilisha jambo. Nyongeza hiyo inafikaje wodini? Hospitali nyingine simu hupigwa na jina la aliyeipokea huandikwa. Nyingine karatasi hukaa kwenye kisanduku hadi ndugu watumwe kuichukua. Wakati huo wodini wanaendelea kurithishana sentensi ya usiku. Daktari wa zamu amemwambia wa asubuhi, wa asubuhi amemwambia wa jioni, nesi ameiandika kwenye kitabu cha makabidhiano, na kila anayepokea anaipokea ikiwa na nguvu zaidi kuliko aliyemtangulia. Kufikia siku ya pili hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na mstari wenye neno "huenda". Kwetu kuna pia uzito wa pesa. Familia imechanga na kukopa kulipia kipimo hicho, na kitu kilicholipiwa hivyo ni vigumu kukikubali kuwa jibu la muda.

Na mguu? Mguu ulisubiri. CT inayoitwa ya mwili mzima huanzia utosini na kwa kawaida kuishia juu ya mapaja. Magoti, vifundo, nyayo, viganja na vidole mara nyingi havimo. Mama alilala siku nyingi bila kukanyaga chini, na aliposimamishwa akalia. Waliomsimamisha wakasema ni udhaifu wa kulala. Wiki ya nne eksirei, iliyopigwa akiwa amesimama, ilionyesha mifupa ya katikati ya unyayo imeachana pale panapoitwa kiungo cha Lisfranc, kwa jina la mpasuaji Mfaransa wa karne ya 19. Jeraha hili huponyoka hata kwenye eksirei ya kawaida ya mgonjwa aliyelala, kwa kuwa kuachana kwa mifupa huonekana vizuri ikibebeshwa uzito. Likikaa wiki nne, kulirudisha mahali pake ni kazi nzito na maumivu hubaki. Mama anaweza kuishi na kovu la tumbo asilikumbuke kutwa nzima. Unyayo anaukumbuka kila anapopanda ngazi ya daladala.

Dawa ya yote haya ni kongwe kuliko mashine nyingi zilizoko mahospitalini kwetu. Februari 1976 James Styner, daktari wa mifupa, alianguka na ndege yake ndogo Nebraska, Marekani. Mkewe alifariki, watoto wakaumia. Huduma waliyoipata kwenye hospitali ndogo ya vijijini ilimkasirisha kiasi kwamba yeye na wenzake walianzisha mafunzo ya kumhudumia majeruhi kwa mpangilio: kwanza kinachoua sasa hivi, yaani njia ya hewa, kupumua na damu, kisha mwili wote kuanzia kichwani hadi miguuni. Kozi ya kwanza ilifanyika 1978, na mwaka 1980 chuo cha wapasuaji wa Marekani kikaichukua na kuieneza.

Mpangilio huo ulikuwa na hatua mbili. Blaine Enderson na wenzake wa Knoxville, Tennessee, wakaongeza ya tatu na kuchapisha matokeo yake 1990. Hadi wakati huo daftari la hospitali yao lilionyesha kwamba majeraha yaliyoponyoka yalikuwa kwa asilimia 2 ya wagonjwa. Walipoamua kuwakagua upya wote kwa makusudi, wakayakuta kwa wagonjwa 36 kati ya 399, asilimia 9. Majeraha yalikuwapo siku zote, isipokuwa hayakuwa na mtu wa kuyatafuta. Ningependa takwimu hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kila mganga mkuu anayejivunia kwamba hospitalini kwake hakuna jeraha linaloponyoka.

Ukaguzi wa tatu hauhitaji umeme. Ndani ya saa 24, daktari, ikiwezekana ambaye hakuwapo usiku, anamvua mgonjwa nguo zote na kuanza upya kana kwamba hajasikia lolote. Anapapasa ngozi ya kichwa chini ya nywele, anafungua kinywa, anabonyeza kila mfupa wa kiganja na wa unyayo, anakunja kila kiungo. Anamgeuza mgonjwa aone mgongo. Anashika tumbo, na kulishika tena jioni, yeye yuleyule, ili aweze kulinganisha. Anauliza ajali ilivyokuwa: ulikaa wapi, nini kilikugonga, ulitoka mwenyewe? Kisha anakaa na mtaalamu wa radiolojia kuzitazama picha zenyewe, maana kuisoma ripoti pekee hakutoshi. Mgonjwa aliyekuwa amelazwa usingizi na kuwekewa mashine ya kupumua hukaguliwa mara nyingine anapozinduka, kwa sababu kabla ya hapo hakuweza kusema panapouma. Na hukaguliwa tena siku anaposimama. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, na kusahauliwa kwake ndiko kulikomnyima mama unyayo wake.

Anayesoma haya asije akaikataa CT. Mashine hii, iliyomtazama mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971 kwa kazi ya Godfrey Hounsfield, imeokoa watu wasiohesabika, na kabla yake madaktari walikuwa wakipasua matumbo ili kujua tu kama kuna kitu. Kama ni lazima kumpiga kila majeruhi mwili mzima, hilo lina mjadala wake: daftari la majeruhi la Ujerumani mwaka 2009 lilionyesha waliopigwa wanapona zaidi, lakini jaribio la Uholanzi na Uswisi la 2016, lililowagawa wagonjwa kwa kura, lilikuta vifo asilimia 16 pande zote mbili, ya waliopigwa mwili mzima na ya waliopigwa sehemu zilizoshukiwa. Mashine iwepo, itumike. Ila yule daktari wa zamu alipaswa kumwambia mama: "Kwa sasa hatujaona kitu kikubwa zaidi ya mbavu. Tumbo lako nitalishika tena saa kumi na mbili asubuhi." Angempa hofu kidogo na angemwokolea siku nzima.

Wewe unayemuuguza ndugu aliyepata ajali, una kazi ambayo hakuna mashine inayoifanya: unamjua mtu wako. Kama anayevumilia ameanza kulalamika, au aliyekuwa akiongea amekuwa mzito, kamwambie nesi, na asipokuelewa mwombe daktari, kwa adabu, mara ya pili na ya tatu. Sema unachokiona: hajajamba tangu jana, anatapika, hataki kuguswa, hawezi kukanyaga. Uliza kama picha zimesomwa upya asubuhi na kama vidole na nyayo vimekaguliwa. Mkiruhusiwa, ombeni CD ya picha pamoja na nakala ya ripoti. Na kama nyumbani tumbo linazidi kuuma, linavimba, homa inapanda, kichwa kinauma kuliko jana au usingizi unakuwa mzito, msingoje tarehe ya kliniki. Rudini usiku huohuo.